Uhakiki wa Kanga Nne

Mhariri alinitaka nihakiki kitabu kimoja, chochote kile, mradi kizungumzie mapenzi na ndoa na kiwe na ucheshi ndani yake. Nimehangaika wiki mbili. Vitabu vya mapenzi nilivyo navyo chumbani vinalizana tu: msichana anaanza kulia ukurasa wa tano, mvulana anakunywa sumu ukurasa wa tisini. Ucheshi hakuna. Ndipo nikaamua, ndugu wasomaji, nihakiki maandishi ambayo kwetu Tanga yanasomwa na watu wengi kuliko riwaya yoyote, wala hayauzwi duka la vitabu. Nahakiki kanga. Si kanga zote, nitaanguka. Nahakiki kanga nne tu zilizoanikwa kwenye kamba moja, uani, katika nyumba moja ya Ngamiani, ndani ya miezi miwili.

Mwenye mbili kati ya hizo nne ni dada yangu.

Nianze na asili, maana mwalimu wangu wa fasihi alikuwa akikata maksi ukiruka asili. Kabla haijaitwa kanga ilikuwa leso, na neno leso tumelirithi kwa Wareno. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa vya leso vikiwa bado havijakatwa, wakavishona pamoja mpaka ikapatikana nguo moja pana ya kujitanda. Wafanyabiashara wakaona kumbe kuna soko, wakaanza kuchapisha nguo nzima. Mombasa mpaka leo wengi wanasema leso. Jina la kanga, husemwa, limetokana na yule ndege kwa madoadoa yake. Maneno yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, na anayetajwa sana ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye kanga zake ziliandikwa K.H.E. Mali ya Abdulla. Hapo mwanzo maneno yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaingia za Kirumi. Zimechapwa Ulaya, zimechapwa India na Japani, na kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 zikachapwa na hapa nyumbani. Alipochaguliwa Barack Obama mwaka 2008 zikatoka hata za kumpongeza yeye. Asili imekwisha, msinikate maksi.

Kwa msomaji wa bara asiyeijua vizuri: kanga huuzwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana. Kila kipande kina pindo kuzunguka, kina mji katikati, na kina jina, ambalo ndilo maneno yenyewe, limekaa juu kidogo ya pindo la chini. Na hapo ndipo tatizo la kwanza la mhakiki linapoanza. Nguo ikishafungwa kiunoni, jina linaangukia mahali ambapo kijana wa kiume hapaswi kukodolea macho. Kitabu kinatembea. Ukitaka kuimalizia sentensi inabidi uongeze mwendo. Siku moja bibi mmoja barabara ya kumi na mbili aligeuka ghafla akaniuliza, "Kijana, umepoteza nini huku nyuma?" Nikamwambia, "Shikamoo bibi, nasoma tu." Akasema, "Marahaba. Kasome shuleni." Ndiyo maana mimi husoma zaidi zile zilizo kwenye kamba.

Sasa kisa. Dada alikuwa na miaka mitano ya ndoa. Walipanga vyumba viwili vya mkono wa kushoto katika nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, na ua mmoja wa wote. Mkono wa kulia alipanga mwanamke aliyeachika, mtu mwenye maneno matamu na maandazi matamu zaidi, ambaye nyumba nzima ilikuwa ikimnunulia, na mimi pia. Uvumi ulikuwa kwamba shemeji akirudi kazini hupitia kwanza chumba cha kulia ndipo afike cha kushoto. Hakuna aliyeona. Uvumi hauhitaji kuona.

Kanga ya kwanza ilianikwa na jirani siku ya Jumatatu, mapema, kamba ikiwa tupu. Ilisomeka: Usisafirie nyota ya mwenzio.

Hebu tuitazame kama wahakiki. Ni maneno matatu na kiunganishi. Kuna katazo, kuna nyota, kuna mwenzio. Mtu wa bara atadhani nyota ni pambo la ushairi, lakini pwani nyota ilikuwa chombo cha kazi. Nahodha aliongoza jahazi kwa nyota, na mnajimu anakupigia nyota akakuambia bahati yako. Basi kusafiria nyota ya mtu mwingine ni kuendesha chombo chako kwa bahati isiyo yako. Mpaka hapo hata mwanafunzi wa kidato cha pili ataeleza. Lakini jiulizeni, katika ua ule, nani anamwambia nani? Ukiisoma upande wa dada, mke wa ndoa, haya ni maneno ambayo yeye ndiye angepaswa kumwambia jirani: usiitamani bahati yangu. Mwenye kuyaanika ni jirani! Kwa kuyaanika yeye amejitangaza kuwa ndiye mwenye nyota, na mke mwenye cheti kawa abiria wa kudandia. Hakubadilisha herufi hata moja, kabadilisha kamba tu. Mimi nimeandika kurasa mia moja arobaini za riwaya katika madaftari makubwa matatu na sijawahi kumgeuza mhusika kiasi kile kwa sentensi moja.

Dada hakusema kitu. Siku ya tatu akaanika yake: Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake.

Hii ni maarufu, mtaijua wote, na umaarufu wake si wa bahati. Lichukue neno maneno, ondoa herufi mbili tu, ya pili na ya tatu. Linabaki meno. Anayesema anakubali kuwa ni mwoga, anakubali kabisa, ila anachagua wa kumwogopa. Jirani kapimwa na simba akaonekana ana kila kitu isipokuwa meno. Wapangaji walisoma mmoja mmoja wakienda bafuni na kurudi. Mzee wa chumba cha mwisho, mstaafu wa reli, alikwenda bafuni mara nne asubuhi ile.

Kanga ya tatu, ya jirani, ilichelewa wiki tatu, tukadhani vita vimekwisha. Kumbe alikuwa anachagua. Japo sipati tamaa sikati.

Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi bora katika zote nne. Tazama sipati na sikati. Konsonanti moja imebadilika, P imekuwa K, na aliyeshindwa amekuwa asiyeshindika. Nusu ya kwanza ina silabi tano, ya pili sita, kama mtu anayevuta pumzi kidogo kabla ya kumaliza. Halafu ina kitu adimu katika maandishi yetu ya mapenzi: inakiri hasara. Sipati. Mwanamke anatundika hadharani kwamba hakupewa anachokitaka, na kwa kukiri huko anamtia mke wa mwenziwe hofu kubwa kuliko angejidai ameshapata. Dada aliniambia baadaye kwamba usiku ule ndio alioanza kumhesabia mume wake dakika.

Na ya nne, ya dada, nasema kwa masikitiko kwa kuwa ni damu yangu, ni dhaifu. Hasidi hana sababu. Ni kweli, ni fupi, na imevaliwa na nusu ya Tanga. Lakini haijibu kitu. Jirani kaleta tamaa, yeye kajibu husuda. Mtu akiishiwa hoja hukimbilia ukweli wa jumla, na hilo sisi waandishi chipukizi tunalijua sana kwa kuwa ndilo linalojaza kurasa zetu za mwisho. Siku ya pili yake ilimwagwa ndoo ya maji machafu, nani alianza sijui, zikavutwa nywele, na sahani ya maandazi ikaishia mchangani.

Kikaitishwa kikao. Alikuja balozi wa nyumba kumi, baba mdogo wetu, na mjomba wake shemeji. Nilikuwepo, nikapewa kazi ya kugawa chai. Balozi alikuwa mtu wa utaratibu, akaagiza kanga zote nne ziletwe kama vielelezo. Zikatandazwa kwenye mkeka. Akamwuliza jirani:

"Haya maneno umemwandikia nani?"

"Mimi sikuandika, balozi. Yameandikwa kiwandani."

"Ulimkusudia nani?"

"Nimenunua nguo. Kama kuna mtu kajiona humo, mwulizeni yeye kwa nini kajiona."

Mjomba wake shemeji akacheka akapaliwa na chai. Balozi akamgeukia dada na maswali yale yale, akapata majibu yale yale. Kesi ikawa haina mwandishi wala mwandikiwa. Wakapatanishwa kwa kushikana mikono na kuambiwa kila mmoja aanike upande wake.

Nimelifikiria sana jibu lile la "nimenunua nguo." Mwana Kupona binti Msham wa Pate, alipomtungia binti yake utendi kuhusu maisha ya ndoa mnamo mwaka 1858, alijulikana ni yeye anayesema, na akijulikana anayeambiwa ni Mwana Hashima. Ni mama anamuusia mwanawe. Mambo yako wazi, na huwezi kukana baadaye. Kanga imefuta ncha zote mbili. Mwenye kusema hayupo, mwenye kuambiwa hatajwi, iliyobaki ni sentensi inaning'inia na upepo. Na kwa kuwa haina mwenyewe, kila apitaye anaivaa. Siku hizi vijana wenzangu wanaona wamevumbua jambo jipya wakiandika vijembe kwenye status ya simu, ati "wenye akili wameelewa." Status inafutika baada ya saa ishirini na nne, na jina lako liko pale juu pamoja na picha. Kanga inadumu mpaka inakuwa ya kubebea mtoto, kisha ya kudekia, na bado inasema.

Mpaka hapa nimesifu. Kama ningeishia hapa Mhariri angefurahi na dada angeninunia, kwa sababu kuna mtu mmoja kwenye kikao kile ambaye sijamtaja.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye benchi, mlangoni, msuaki mdomoni. Kikao kilichukua saa mbili na nusu. Nimekumbuka na kukumbuka, wala sioni swali hata moja alilouliziwa. Mimi mwenyewe nilimpa kikombe cha chai, nikamwongeza sukari. Wanawake wawili walikuwa wanahojiwa maana ya nyota na maana ya tamaa, na nyota yenyewe imekaa pale inasugua meno!

Wiki moja baadaye nilikwenda kwenye duka la kanga kuuliza bei, nikitaka kumnunulia mama doti ya sikukuu. Mwenye duka akaniuliza habari za nyumbani kisha akasema, kwa nia njema kabisa, "Shemeji yako ni mteja wangu mzuri sana. Tangu mfungo uishe kachukua doti nne." Nikamwuliza alikuwa akichagua mwenyewe? Akasema hapana, alikuwa anakuja na jina limeandikwa kwenye kikaratasi. Mara mwandiko huu, mara mwandiko ule.

Basi ndugu msomaji, zile kanga nne, ambazo nimezihesabia silabi na kuzichambua konsonanti, zimelipiwa na mtu mmoja. Alikuwa ndiye mchapishaji, ndiye msambazaji, ndiye sababu ya hadithi, na ndiye msomaji pekee ambaye hakuguswa na neno hata moja. Doti moja ni chakula cha siku mbili tatu katika nyumba kama ile. Alizilipia nne, akazibeba kwapani, akazifikisha chumba cha kulia na chumba cha kushoto, akaenda kupiga bao. Sijui kama alikuwa akisoma vikaratasi njiani. Kusoma anajua, ana kidato cha nne kama mimi.

Tangu siku ile nimeanza kuzisoma kanga kwa jicho lingine. Nilimwomba mama anifungulie kasha lake. Alikuwa na doti thelathini na moja, nyingine bado zina gundi ya dukani. Nikazipanga kitandani kama tulivyofundishwa kupanga dhamira. Za Mungu na shukrani zilikuwa saba. Za kumsifu mama, tano, nilizichangia mbili. Za mapenzi matamu matamu, sita. Kumi na moja zote zilikuwa za mahasidi, majirani, wambea na wasiopenda maendeleo ya mwenzao. Nikatafuta ya kumwambia mwanamume kwamba amekosa. Nikapata mbili, na moja kati ya hizo mama alisema si ya mume, ni ya kaka yake aliyemdhulumu minazi.

Hoja yangu ndiyo hii, na najua itawaudhi wapenzi wa kanga, nami ni mmoja wao. Ni fasihi kali, lakini ukali wake una mwelekeo. Inamkata mwanamke wa pili, inamkata wifi, mamamkwe, shoga aliyegeuka. Upumbavu wa jamii yetu katika ndoa inauona vizuri mno, na inaucheka vizuri mno, ila ukifika mlangoni pa mwenye kuleta ugomvi unavua viatu. Tunaita ucheshi. Mimi niliucheka kuliko wote. Nilikuwa nikienda pale makusudi, nikijidai nafuata maandazi, kumbe nafuata toleo jipya.

Nilimpelekea hoja hiyo shangazi, dada yake baba, ambaye amekuwa somo wa wasichana wengi na anazijua kanga kuliko mimi nitakavyozijua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma yaliyoandikwa tu. Mume haambiwi uani. Mume anaambiwa chumbani, na huko kanga ni ile ile, ila kuna namna ya kuifunga, kuna ya kuitandika, kuna siku ya kuvaa iliyofuliwa na siku ya kutovaa." Nikamwuliza, haya, sasa dada aliifunga namna gani hata mwenzake akapitia chumba cha kulia? Shangazi akakaa kimya kidogo. Akasema hilo si la kuandika magazetini. Nakiri kwamba mhakiki wa kiume anasoma nusu ya kitabu. Lakini nusu hiyo iliyofichwa, iwe na nguvu kiasi gani, haikumfikisha shemeji kwenye mkeka wa balozi.

Dada alirudi nyumbani mwezi wa nne, na kasha lake na mtoto wake. Hakufukuzwa, wala hakupewa talaka. Alichoka. Jirani naye nasikia amehama, ameenda Muheza kwa ndugu zake, na shemeji amebaki na vyumba viwili, anakula hotelini.

Jioni moja dada alikuja chumbani kwangu nikiwa nasahihisha ile riwaya yangu. Akasimama mlangoni, akaniambia, "Wewe si ndiye mwandishi? Niandikie jina moja. La kumwambia yeye. Hata lisipochapwa, niwe nalo."

Nikaona kazi rahisi. Nilikaa nayo siku nne. La kwanza nililoandika lilikuwa na maneno kumi na tisa, dada akasema hiyo barua. La pili lilikuwa na mahubiri. La tatu lilimtukana mama yake shemeji bila mimi kukusudia, sijui lilitokea wapi. La nne nililipenda, nikamsomea kwa sauti, akafikiri, akasema, "Zuri. Lakini nikilianika hili, watu watadhani namwambia yule mwanamke." Nikalisoma tena. Ni kweli, ndivyo lilivyo.

Daftari lina kurasa tatu za majaribio sasa. Mhariri kaniandikia mara mbili kuulizia uhakiki, nimeona niutume hivi hivi. Asubuhi hii dada amefua. Amevaa ile kanga ya simba, ameigeuza ndani nje, na jina amelikunjia kiunoni, halionekani.